Kufundisha Alama ya Sawa: Kutoka "Andika Jibu" Hadi "Pande Mbili Zinalingana"

Andika ubaoni 8 + 4 = ☐ + 5, kisha wape wanafunzi dakika moja wajaze kisanduku. Hata darasa linalojumlisha vizuri kabisa mara nyingi litakuletea 12 na 17 kwa wingi, na 7, jibu sahihi, hapa na pale. Aliyeandika 12 ameiona alama ya sawa akaelewa "jibu linakaa hapa". Ile + 5 iliyofuata hakujua aifanyie nini, akaiacha. Aliyeandika 17 amejumlisha kila namba aliyoiona. Wengine hujaza 12 kisha huongeza = 17 mwishoni mwa mstari.

Hakuna kati ya hawa waliokosa aliyekosea kujumlisha. Wote wamekosea kusoma alama moja, na kosa hilo halijirekebishi lenyewe kwa umri. Mwanafunzi anaweza kupanda nalo darasa hadi darasa akipata vema kila siku, kwa sababu maswali aliyopewa yalikuwa ya umbo moja tu: hesabu kushoto, alama ya sawa, nafasi ya jibu kulia. Ukifika wakati wa milinganyo, hasa yenye herufi pande zote mbili, ndipo anakwama, na mwalimu anadhani tatizo ni aljebra.

Mwongozo huu unaanzia madarasa ya chini na kuishia kwenye aljebra. Kama unafundisha sekondari, fanya hatua ya 1, kisha amua uanzie wapi.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kufundisha

Tumia dakika tano na kipande cha karatasi. Usieleze chochote, usitoe mfano. Maswali matatu yanatosha:

1. Jaza kisanduku: 8 + 4 = ☐ + 5
2. Andika kweli au si kweli: 6 = 6; 9 = 4 + 5; 5 + 3 = 8 + 2
3. Kwa maneno yako mwenyewe, alama = inamaanisha nini?

Katika swali la 2, anayekataa 9 = 4 + 5 kwa sababu "imegeuzwa", au 6 = 6 kwa sababu "hakuna hesabu hapo", anaona alama ya sawa kama amri ya kukokotoa. Anayekubali 5 + 3 = 8 + 2 ameishia kwenye 8 akaridhika. Katika swali la 3 utapata maneno kama "jibu", "jumla", "mwisho wa hesabu". Mwanafunzi anayeandika "upande huu na ule vina thamani moja" yuko salama, lakini linganisha na alichojaza katika swali la 1. Wapo wanaoweza kuikariri maana hiyo na bado wakajaza 12.

Hifadhi karatasi hizo. Utazihitaji baadaye.

Hatua ya 2: Rekebisha namna ya kuisoma

Kiswahili chetu cha darasani kina mitego miwili hapa. Wa kwanza ni kusoma 3 + 4 = 7 kama "tatu jumlisha nne *unapata* saba", au "*inakuwa* saba", au "*jibu lake* saba". Maneno haya yote yana mwendo wa kwenda mbele: kitu kimefanyika, kimetoa tokeo. Huwezi kuyageuza. Jaribu kusoma 7 = 3 + 4 kwa namna hiyo, "saba unapata tatu jumlisha nne", usikie jinsi inavyokwaruza. Mtoto anayeikataa sentensi hiyo anafuata tu lugha aliyofundishwa.

Kwa hiyo soma "ni sawa na" kila mara, wewe mwenyewe kwanza, hata ukiwa na haraka. "Saba ni sawa na tatu jumlisha nne" inapita bila shida. Kwa wakubwa ongeza "ina thamani sawa na".

Mtego wa pili ni neno *sawa* lenyewe. Siku nzima mtoto analisikia likimaanisha "vema", "umepata", "nimekubali". Akiliona kwenye hesabu anaweza kuliunganisha na kupatia jibu. Sema wazi kwamba hapa sawa ni ya *kulingana*, na ndiyo maana mlinganyo ukaitwa mlinganyo. Tofautisha pia kulingana na kufanana: 5 + 3 na 8 havifanani hata kidogo kwa sura, lakini vinalingana kwa thamani. Wanafunzi waliokwisha kusoma visawe katika somo la lugha watakuelewa upesi, maana maneno mawili tofauti yanaweza kubeba maana moja.

Historia ya alama yenyewe inasaidia, na haichukui dakika mbili. Robert Recorde, mwanahisabati wa Wales, aliitumia katika kitabu alichochapisha mwaka 1557 kwa sababu alichoka kurudiarudia maneno "ni sawa na". Alichagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja, akisema hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Chora mistari hiyo mirefu ubaoni. Yeye mwenyewe aliichora mirefu kuliko tunavyoichora leo.

Hatua ya 3: Mizani

Kwa madarasa ya chini usianze na tarakimu. Anza na kitu kinacholala sawa au kuinama mbele ya macho yao.

Mizani ya kutosha hutengenezwa kwa hanga ya nguo, vikombe viwili vyepesi vya aina moja na kamba mbili za sentimita 25 hivi. Toboa kila kikombe matundu mawili karibu na mdomo, funga kamba, ning'iniza kimoja kila ncha, kisha tundika hanga kwenye msumari unaoiachia icheze. Bandika kipande cha utepe wa gundi kuzuia kamba zisiteleze kuelekea katikati, kwa sababu kamba ikisogea sentimita moja tu mizani itadanganya. Ikiinama vikombe vikiwa vitupu, ongeza vipande vya utepe huo upande uliopanda juu hadi ilale sawa.

Vitu vya kupimia lazima viwe na uzito mmoja: nati za ukubwa mmoja au sarafu za aina moja. Maharage na mawe madogo hayafai. Punje tano zinaweza kuzidi punje tano nyingine, na hapo utakuwa umefundisha kwamba 5 si sawa na 5. Kabla ya kipindi, weka vitu 7 upande mmoja na 8 upande mwingine. Mizani isipoinama waziwazi, vitu ni vyepesi mno au hanga inakwama kwenye msumari. Tafuta vizito zaidi.

Darasani, weka 5 na 3 kushoto, kisha 8 kulia. Imelala. Sasa toa zile 8 kulia uweke 6 na 2. Bado imelala. Waandike wanachokiona: 5 + 3 = 8, kisha 5 + 3 = 6 + 2. Ongeza moja kushoto, mizani iiname, uulize, "Tufanye nini ilale tena?" Wengi watasema toa uliyoongeza. Subiri hadi mmoja aseme ongeza moja na kulia. Wazo hilo ndilo litakalomsaidia kutatua milinganyo miaka kadhaa baadaye, kwa hiyo lipe muda: lirudie kwa 2, kwa 4, kisha kwa kupunguza.

Baada ya vipindi viwili au vitatu, funika vikombe kwa kitambaa na waambie watabiri kabla ya kufunua. Lengo ni mizani ihamie kichwani.

Hatua ya 4: Kweli au si kweli

Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na haihitaji kifaa chochote. Kila siku, dakika kumi, andika sentensi nne au tano za hisabati. Wanafunzi waamue kama ni kweli, na watoe sababu. Mpangilio una maana. Anza na umbo walilolizoea, kisha lisogeze kidogo kidogo:

3 + 5 = 8
8 = 3 + 5
8 = 8
3 + 5 = 5 + 3
3 + 5 = 4 + 4
3 + 5 = 8 + 1
9 + 6 = 10 + 5

Kwenye ya pili utasikia, "Mwalimu, imegeuzwa, si kweli." Usimwambie hapohapo kwamba amekosea. Uliza: "Upande wa kushoto kuna ngapi? Wa kulia je? Zinalingana?" Kisha acha wenzake wajibizane naye. Kwenye 8 = 8 watabishana kweli, kwa kuwa hakuna cha kukokotoa, na mwenye wazo la "andika jibu" hana pa kushika. Akikwama, mrudishe kwenye mizani: vitu 8 huku, vitu 8 kule, italala au itainama?

3 + 5 = 8 + 1 ndiyo inayofichua zaidi. Anayesema kweli amesoma 3 + 5 = 8 akasimama. Mwambie afunike kila kilicho kushoto kwa kiganja cha mkono na asome thamani ya upande wa kulia peke yake. Halafu abadilishe. Zoezi hilo la kiganja ni dogo, lakini linamlazimisha kuona kwamba upande wa kulia nao ni kitu kizima, na wakubwa pia wanafaidika nalo.

Kosa la mwalimu katika hatua hii ni haraka. Ukitangaza jibu baada ya mwanafunzi wa kwanza, umewarudisha kwenye kusubiri jibu. Kosa la pili ni kuweka sentensi za kweli tupu. Wakigundua kwamba kila umbo geni ni kweli, wataacha kufikiri. Changanya.

Hatua ya 5: Visanduku, na uchaguzi wa namba

Sasa waache wajaze. Hamisha kisanduku kila mahali: ☐ = 6 + 7; 12 = ☐ + 7; 7 + 6 = ☐ + 4; 5 + 9 = 8 + ☐; 15 − 6 = ☐ − 2.

Chagua namba kwa makini, kwa sababu swali baya huficha kosa. Katika 6 + 4 = ☐ + 5 jibu ni 5, na mwanafunzi anaweza kulipata kwa kunakili 5 iliyo jirani. Katika 3 + 2 = ☐ + 2 anaweza kunakili kwa kufuata sura tu. Swali zuri ni lile ambalo kila njia mbovu hutoa namba yake:

7 + 6 = ☐ + 4. Sahihi ni 9. Aliyeishia njiani ataandika 13, aliyejumlisha zote ataandika 17.
5 + 9 = 8 + ☐. Sahihi ni 6. Mengine yatakuwa 14 na 22.
15 − 6 = ☐ − 2. Sahihi ni 11. Aliyeishia njiani ataandika 9, na aliyeendelea kutoa ataandika 7.

Ukisahihisha maswali ya namna hii, namba yenyewe inakuambia mwanafunzi alifikiri nini, na huhitaji kumwita mmoja mmoja.

Hatua ya 6: Waangalie kabla ya kukokotoa

Mwanafunzi akishajua kwamba pande mbili zinalingana, mpe namba zinazochosha kukokotoa: 48 + 27 = 50 + ☐. Anayejumlisha kwanza atapata 75, atoe 50, abaki na 25. Ni sahihi. Lakini anayesema "48 imepanda 2 ikawa 50, basi 27 ishuke 2" ameanza kuutumia usawa wenyewe. Mwombe aeleze kwa sauti.

Kutoa kunahitaji tahadhari. Katika 63 − 28 = 65 − ☐ wengi watahamisha kanuni ya kujumlisha waandike 26. Waambie wakague: 63 − 28 ni sawa na 35, lakini 65 − 26 ni sawa na 39. Chora mstari wa namba, weka alama kwenye 28 na 63, na waone kwamba kutoa ni umbali kati ya nukta mbili. Nukta moja ikisogea 2 kulia, nyingine nayo isogee 2 kulia, ndipo umbali ubaki uleule. Jibu ni 30. Kwa kuzidisha, 6 × 14 = 12 × ☐ inatosha kuanzia.

Hatua ya 7: Mnyororo wa alama za sawa

Swali: una vitu 24, unaongeza 15, unaondoa 9, unagawa katika mafungu 6 yaliyo sawa. Mwanafunzi anaandika:

24 + 15 = 39 − 9 = 30 ÷ 6 = 5

Jibu la mwisho ni sahihi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu hupita bila kuguswa. Mstari huo unadai kwamba 24 + 15 ni sawa na 5. Mwambie asome mwanzo na mwisho tu, na mara nyingi atacheka mwenyewe. Mpe alama ya jibu, zungushia alama ya sawa ya kwanza kwa kalamu nyekundu, na umtake aandike upya:

24 + 15 = 39
39 − 9 = 30
30 ÷ 6 = 5

Anayetaka kuandika kwa mfululizo wakati wa kuhesabu kwa haraka atumie mshale: 24 → 39 → 30 → 5. Mshale unasema "kisha", na ndicho alichotaka kusema. Kikokotoo huchangia sana tabia hii, kwa kuwa kitufe cha = hapo kweli ni amri ya kukokotoa. Liseme hilo wazi darasani.

Sisi walimu nasi tuangalie ubao wetu. "Vitabu = 12" si mlinganyo; andika "Idadi ya vitabu ni 12". 1/3 = 0.33 na π = 3.14 si kweli. Tumia ≈, alama ya kukaribia. Na 10 ÷ 3 = 3 baki 1, tuliyoizoea wote, ina kasoro ambayo ni rahisi kuionyesha: 13 ÷ 4 nayo ni "3 baki 1". Vitu viwili vilivyo sawa na kitu kimoja vingepaswa kulingana, lakini 10 ÷ 3 na 13 ÷ 4 havilingani. Andika 10 = 3 × 3 + 1.

Hatua ya 8: Kuingia aljebra

Mlinganyo 2x + 3 = x + 8 haueleweki kabisa kwa mtu anayeona alama ya sawa kama "andika jibu". Jibu liko wapi, kulia au kushoto? Kwa aliyepitia mizani, ni swali la kawaida: ondoa x moja kila upande, ibaki x + 3 = 8; ondoa 3 kila upande, x = 5. Andika kila hatua kwenye mstari wake, alama za sawa zikiwa zimepangana wima. Kanuni ya "hamisha upande wa pili ubadilishe alama" isubiri. Inafanya kazi, lakini inaficha sababu, na mwanafunzi atahamisha hata visivyohamishika.

Mizani ina mwisho wake. Katika x + 5 = 2 huwezi kuweka uzito wa −3 kikombeni. Waambie hivyo, muiache, mbaki na kanuni yenyewe: ukifanya jambo lilelile pande zote mbili, usawa unabaki.

Kosa la 3x + 5 = 20 = 3x = 15 = x = 5 ni ule mnyororo wa hatua ya 7 umerudi. Unadai 20 = 15 = 5. Kati ya mlinganyo na mlinganyo andika "kwa hiyo", au shuka mstari.

Kosa jingine ni 4a + 3 = 7a. Mwanafunzi haoni amani akiacha alama ya kujumlisha ndani ya jibu. Anataka kitu kimoja kulia. Mwambie ajaribu a = 2: kushoto 11, kulia 14. Usimwachie ajaribu a = 1, maana hapo pande zote mbili ni 7 na atakuonyesha kwamba amepatia. Na yule anayerahisisha mtajo (maandishi ya aljebra yasiyo na alama ya sawa) hadi 5x + 10, kisha akaongeza = 0 na kuandika x = −2, amebuni mlinganyo ambao hakupewa. Muulize: "Nani amesema vinalingana?"

Hatua ya 9: Pima tena

Baada ya wiki tano au sita rudia maswali ya hatua ya 1 kwa namba nyingine, kwa mfano 9 + 5 = ☐ + 6 (sahihi 8; potofu 14 na 20). Weka karatasi mpya kando ya ile ya kwanza kwa kila mwanafunzi. Anayepata kisanduku lakini bado anakataa 6 = 6 arudi hatua ya 4. Anayekubali kila sentensi lakini anashindwa visanduku anahitaji hatua ya 5, na pengine ana shida ya kutoa, jambo la kupimwa peke yake.

Kisha ongeza swali moja: "Andika sentensi tatu za kweli zinazoanza na 10 =". Ukiona 10 = 5 + 5, 10 = 12 − 2 na 10 = 10, endelea na somo lako. Katika kila zoezi la maswali kumi utakaloandaa kuanzia hapo, hakikisha angalau matatu hayana umbo la hesabu kushoto na jibu kulia, la sivyo mazoea ya zamani yatarudi ndani ya muhula mmoja.